Hakimu Kwanza, Kaniama Baadaye

"Bapeleke Kaniama, balime!"

Hapa Kamina maneno haya yamekuwa kama salamu. Utayasikia sokoni, utayasikia stesheni ambako watu wamekaa juu ya mizigo wakingoja treni, utayasikia mlangoni mwa kanisa misa ikiisha. Kijana akishikwa na simu isiyo yake: bapeleke Kaniama. Vijana watano wakikaa barazani usiku na kelele zao: bapeleke Kaniama. Na anayesema si mtu wa roho mbaya. Mara nyingi ni mama aliyeporwa mtaji wake wa wiki nzima, au baba aliyeamka akakuta mlango wa duka umeng'olewa. Ana uchungu, amechoka, na amekata tamaa na wale waliopewa kazi ya kumlinda.

Kwa msomaji wa mbali: Kaniama-Kasese ni kituo cha Service National katika teritwari ya Kaniama, mkoani kwetu Haut-Lomami, upande wa reli inayotoka Kamina kwenda Kananga. Service National ilianzishwa mwaka 1997 chini ya Mzee Laurent-Désiré Kabila ili kulima na kujenga. Katika miaka ya Rais Félix Tshisekedi jina la kituo hiki limefika kila nyumba ya Kongo, kwa sababu ndipo wanapoletwa vijana wa Kinshasa waitwao kuluna, wale wa magenge ya mapanga. Wanalima mahindi, wanafundishwa uashi na useremala, na wakubwa wao wanawaita wajenzi wa taifa. Wengi waliletwa bila kusimama mbele ya hakimu hata siku moja, na watetezi wa haki za binadamu wamelilalamikia jambo hilo tangu mwanzo. Hapa mjini malalamiko yao hujibiwa kwa kicheko. Haki za binadamu ni za wezi, watu husema. Mahakama ni soko. Mambo hayo ni ya Wazungu. Sisi tunataka usalama.

Nimezisikia hoja hizi kwa ndugu zangu wa damu, mezani pangu, juu ya chakula changu. Naziheshimu kwa sababu zimezaliwa na mateso ya kweli. Kuluna si hadithi; wako watu waliokatwa mikono kwa ajili ya simu ya dola 30. Lakini ni hoja potofu, na upotofu wake hauwadhuru kuluna peke yao. Unatudhuru sisi.

Nianze na daftari.

Siku moja nilikwenda kwenye kasho moja ya polisi, sitasema ipi, kumtafuta kijana wa jirani. Mama yake alikuwa nami, amebeba bakuli la bukari na sombe lililofungwa kwa kitambaa, maana katika makasho yetu asiyeletewa chakula na ndugu zake hali. Ilikuwa Ijumaa. Kijana alikuwa ameshikwa Jumatatu jioni, mtaa mzima ukiona. Afisa akafungua daftari kubwa lenye jalada jeusi, akateremsha kidole mstari kwa mstari, akasema: "Mama, mtoto wako ameingia jana." Nikainama nikatazama. Mbele ya jina la kijana palikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa wino wa buluu juu ya mahali palipokwanguliwa kwa wembe. Karatasi ilikuwa imelika hata ukiinua ukurasa unaona mwanga wa dirisha. Chini yake, tarehe nyingine mbili zilikuwa hivyo hivyo. Mama hakusema kitu kuhusu tarehe. Aliuliza kama anaweza kuingiza bakuli. Akaambiwa kuingiza bakuli kuna bei yake.

Tangu siku ile nimeufikiria sana ule wembe. Kwa nini mtu mwenye bunduki, mwenye funguo, mwenye mlango wa chuma, ahangaike kukwangua tarehe daftarini? Anamwogopa nani? Anaogopa kifungu cha 18 cha Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu hicho kinasema polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Zikiisha, ama wamwachie, ama wamkabidhi kwa wakuu wa sheria. Kinasema pia aliyekamatwa aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, na aambiwe kwa lugha anayoielewa, yaani kwetu huku kwa Kiswahili au kwa Kiluba, si kwa Kifaransa cha karatasi. Kifungu cha 17 kinatangulia kwa kusema kwamba uhuru ndio kawaida na kufungwa ni jambo la nadra. Kifungu cha 150 kinamweka hakimu awe mlinzi wa uhuru wa kila mtu na wa haki zake za msingi.

Wasomi wetu wanapenda kusema Katiba ni karatasi tu. Kama ni karatasi tu, wembe wa nini? Mtu hafichi kitu asichokiogopa. Yule afisa alijua kwamba mtu mmoja akiwasilisha tarehe ya kweli mbele ya hakimu mmoja, mambo yatamgeukia. Sheria yetu ni dhaifu, lakini haijafa. Anayeivunja kila siku ndiye anayejua vizuri zaidi kwamba ipo.

Sasa tuje kwenye jembe, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaponishika. "Wanalima, wanakula, wanajifunza kazi, wametoka kwenye bangi. Ubaya uko wapi?" Mahindi ya Kaniama-Kasese yamefika Mbuji-Mayi, watu wamesaga, watu wamekula. Mimi pia ni mla bukari na najua bei ya mahindi inavyopanda kabla ya mavuno. Kumfundisha kijana uashi ni jambo jema kabisa. Kijana anayetaka mwenyewe kwenda, aandikishwe, apewe shamba, nitampigia makofi. Sina ugomvi na jembe.

Ugomvi wangu ni kuhusu nani amemkabidhi kijana jembe hilo, na kwa amri gani. Kifungu cha 16 cha Katiba kinakataza kumfanyisha mtu kazi kwa kulazimishwa. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, ambao Kongo imeukubali tangu 1960, unakataza pia, lakini unaweka wazi mambo machache yasiyohesabiwa kuwa kazi ya kulazimishwa. Mojawapo ni kazi anayopewa mtu aliyetiwa hatiani na mahakama. Soma tena: aliyetiwa hatiani na mahakama. Jembe lile lile, shamba lile lile, jua lile lile la Kaniama: aliyehukumiwa anatumikia adhabu yake, na asiyehukumiwa ni mtumwa wa serikali. Kinachowatenganisha ni hukumu yenye sahihi ya hakimu.

Na hukumu hiyo ina mambo mawili ambayo jembe halina. Ina kosa: kijana anajua ametenda nini, na mama yake anajua. Halafu ina siku ya mwisho. Mfungwa wa miaka miwili anahesabu. Anakata alama ukutani, anapunguza, anajua mwaka gani atarudi nyumbani. Aliyechukuliwa bila hukumu hana cha kuhesabu. Ataachiwa siku mkubwa akipenda. Hebu fikiri mtu kulala usiku na jambo hilo akilini, usiku baada ya usiku.

Halafu kuna swali ambalo watu hawapendi kuliuliza: nani aliwachambua? Askari wanapofunga barabara saa tatu usiku wakabeba kila kijana aliye nje, ndani ya gari anaingia mwenye panga, anaingia mwanafunzi aliyetoka kusoma kwa rafiki yake kwa sababu kwao hakuna umeme, anaingia muuza mkate, anaingia yule aliyegombana na askari kwa ajili ya dada fulani. Wote wamevaa kandambili, wote wananuka jasho la siku. Mama wa Kamina akinunua maharage huyamwaga kwenye ungo, akachagua mawe, akapeta makapi, ndipo akatia chunguni. Maharage ya franka mia chache tunayapa heshima hiyo. Mahakama ndiyo ungo wetu wa watu. Anayesema tuutupe ungo kwa sababu unachelewesha chakula, ajiandae kula mawe.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya rushwa. "Mpeleke mwizi parke leo, kesho mnapishana naye sokoni." Parke ni ofisi ya mwendesha mashtaka. Hapa sitabisha ukweli, kila mtu wa Kamina ameuona. Kuna faili zinazopotea na kuonekana tena bei ikikubaliwa. Kuna mlalamikaji anayeombwa pesa za karatasi, pesa za mafuta ya pikipiki, hata pesa za kalamu. Gereza la Makala kule Kinshasa lilijengwa kwa watu 1,500. Ghasia zilipozuka usiku wa kuamkia 2 Septemba 2024 lilikuwa na watu zaidi ya 10,000, walio wengi hawajahukumiwa, na serikali yenyewe ilitangaza vifo 129. Hiyo ndiyo hali, na anayeipamba anadanganya.

Lakini fuata hoja hiyo mpaka mwisho wake. Ikiwa hakimu ananunulika, je, mwenye bunduki anayekamata usiku hanunuliki? Mahakamani kuna faili. Kuna kikao cha hadhara ambacho wewe na mimi tunaweza kuingia na kukaa benchi la nyuma. Hukumu lazima itaje sababu zake, na chini yake pana jina la mtu. Kuna rufani. Hakimu akiuza, unajua nani ameuza, na uuzaji wake umebaki kwenye karatasi. Kwenye lori la usiku hakuna faili, hakuna benchi la nyuma, hakuna jina. Mwenye kitu atalipa ateremshwe kabla injini haijawashwa, na atakayebaki ndani ni mtoto wa mama asiye na kitu. Kumwondoa hakimu kwa sababu anakula rushwa ni sawa na kumfukuza karani mwizi na kuliacha sanduku la pesa wazi barabarani. Tunayemhitaji ni karani mwingine, na mkaguzi juu yake.

Wengine husema mahakama ni kobe. Nawajibu kwa mifano miwili. Tarehe 1 Januari 2011 askari waliingia Fizi, Kivu Kusini, wakabaka wanawake. Wakati ule ungemwambia mtu kwamba luteni kanali wa jeshi atafikishwa kizimbani, angekuona umerukwa na akili. Mahakama ya kijeshi ilisafiri mpaka Baraka, ikaketi karibu na waliodhulumiwa, wanawake 49 wakatoa ushahidi, na tarehe 21 Februari Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Siku 51. Hesabuni wenyewe. Na kule Kavumu, Kivu Kusini pia, ambako watoto wa kike walikuwa wakichukuliwa usiku vitandani mwao, wengine wachanga kabisa, aliyekuwa nyuma ya wabakaji alikuwa mbunge wa mkoa, Frederic Batumike. Mahakama ilikwenda Kavumu penyewe, na tarehe 13 Desemba 2017 yeye na watu wake, 11 kwa jumla, wakapewa kifungo cha maisha. Kumpata mbunge hakukuhitaji lori la usiku. Kulihitaji wachunguzi waliofuata nyayo, madaktari walioandika walichokiona, mawakili waliokubali kazi hiyo, na wazazi waliothubutu kusema.

Hapo rafiki yangu mmoja hunijibu kwa jina moja tu: Gédéon. Sawa. Gédéon Kyungu Mutanga, ambaye vita vyake vilichoma vijiji na kuwatawanya jamaa zetu wengi wa Katanga, alihukumiwa kifo kule Kipushi, Machi 2009, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, Lubumbashi, naye akatoka. Oktoba 2016 akajitokeza, akapokelewa na wakuu wa serikali. Lakini niambie, nani alishindwa pale? Majaji wa Kipushi waliketi, wakawasikiliza wanavijiji, wakaandika waliyoyasikia. Walioshindwa ni waliokuwa na funguo, na waliompokea kwa mikono miwili. Ukimlaumu hakimu kwa kosa la askari wa gereza, umemwachia askari wa gereza.

Kuna hoja moja inayoniudhi kuliko nyingine, ile ya kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Inaniudhi kwa sababu mara nyingi inatoka kwa watu wanaoota kwa Kiluba. Sisi Waluba tuna neno bumuntu, utu ule unaomfanya mtu awe mtu na si kitu. Wazee wetu hawakulipata Geneva. Hata leo nenda kijijini ambako chifu anasikiliza shauri: aliyeshitakiwa anaketishwa, anaulizwa, shahidi anaitwa, mwenye kulalamika anasema mbele yake uso kwa uso, na mzee hafungui kinywa chake kutoa neno la mwisho kabla hao wote hawajamaliza. Kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu ni desturi yetu.

Kilicho cha kigeni ni kile kingine: kumng'oa mtu kwao kwa amri ya bwana mkubwa. Mwaka 1910 Wabelgiji waliandika dekreti iliyowapa watawala uwezo wa kumhamisha mwenyeji yeyote waliyemwona anavuruga utulivu, bila kesi, kwa karatasi ya ofisini. Waliita relegasio. Mfalme Kasongo Nyembo, ambaye ufalme wake uko hapa hapa kwetu, alikamatwa mwaka 1917 akapelekwa Buta, kaskazini kabisa mwa nchi. Wafuasi wa Simon Kimbangu walihamishwa kwa maelfu, familia kwa familia. Na katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikafungua makoloni ya kilimo kwa wale iliowaita wahamishwa hatari, moja likiwa Kasaji, katika Katanga yetu.

Koloni la kilimo. Kwa watu hatari. Bila kesi. Nawaomba wazee wanaoshangilia malori leo wakumbuke maneno hayo yalitamkwa kwanza na nani, na juu ya mgongo wa nani.

Kimbangu mwenyewe alipata kesi, Oktoba 1921, pale Thysville, mbele ya mahakama ya kijeshi, na hakupewa wakili. Akahukumiwa kifo, mfalme wa Ubelgiji akaigeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Akafia gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: ninaposema mahakama sisemi chumba chenye meza na bendera. Nasema hakimu asiyepokea amri kwa simu, na mtetezi aliyesimama upande wa mshitakiwa. Bila hayo, mahakama ni lori jingine.

Nani anajua njia hii ya kuwachukua watu bila hakimu inaishia wapi? Sisi tunajua, tumeshaiona. Kuanzia Novemba 2013 mpaka Februari 2014 polisi wa Kinshasa waliendesha Operesheni Likofi, yaani ngumi, dhidi ya kuluna hao hao. Human Rights Watch iliandika habari za vijana na watoto 51 waliouawa na wengine 33 waliotoweka. Baadhi walitolewa ndani ya nyumba zao usiku, wengine hawakuwa na uhusiano wowote na magenge. Watu wengi walifurahi, wakasema sasa tutalala. Magenge hayakwisha. Miaka kumi baadaye, Machi 2024, serikali iliondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo lililodumu tangu 2003, na ulipoingia mwaka 2025 waziri wa sheria, Constant Mutamba, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba kuluna waliohukumiwa kifo wanapelekwa gereza la Angenga wakangoje kuuawa. Watu wakashangilia tena.

Mwaka huo huo haukwisha kabla gurudumu halijageuka. Tarehe 2 Septemba 2025 Mutamba mwenyewe alisimama mbele ya Mahakama ya Kasasioni akahukumiwa miaka mitatu kwa fedha za ujenzi wa gereza la Kisangani. Alikuwa na mawakili, walipinga, walijitetea kwa kila kifungu. Ilikuwa haki yake, na ningeitetea. Wiki nne baadaye, tarehe 30 Septemba, Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo Joseph Kabila, rais wetu wa miaka 18, akiwa hayupo na bila wakili yeyote wa kumsemea. Hapa Katanga siku ile nilisikia watu wale wale wa "bapeleke Kaniama" wakilia: vipi mtu anahukumiwa bila kusikilizwa? Wakili wake yuko wapi? Nililia nao. Swali lao lilikuwa sahihi. Sasa naomba waliulize pia kwa ajili ya yule kijana wa kandambili, ambaye hakuwahi kuwa rais wa kitu chochote.

Nimesikia pia: "Unamwonea huruma mwizi, aliyeibiwa je?" Hili ni swali la haki, na jibu lake ndilo linaloniuma zaidi. Kijana akipelekwa shambani bila faili, aliyeibiwa amepata nini? Katika sheria yetu aliyedhulumiwa anaingia ndani ya kesi kama mdai, yule watu wanayemwita parti sivili. Anasimama, anaeleza alivyotendwa, anaonyesha kovu lake, anadai fidia, na jina lake linaandikwa katika hukumu pamoja na kiasi anachostahili. Mama aliyekatwa mkono anaondoka akiwa na karatasi inayosema: ulidhulumiwa, na aliyekudhulumu ni huyu. Lori likishaondoka, hana kesi, hana mdaiwa, hana karatasi. Hata hajui kama aliyepelekwa ndiye aliyemkata, au aliyemkata bado anapita mbele ya mlango wake kila asubuhi. Wanaomfukuza hakimu wamemfukuza yeye pia.

Ninalodai halihitaji mabilioni. Kabla kijana yeyote hajapandishwa gari kuelekea Kaniama, hakimu amwone, kwa jina lake, na faili lake. Kama mahakama iliweza kusafiri mpaka Baraka na Kavumu katikati ya vita, inaweza kusafiri mpaka kituo cha polisi cha mjini. Aliye chini ya miaka 18 apelekwe kwa hakimu wa watoto, kama sheria ya 10 Januari 2009 inavyoagiza. Orodha ya walioko Kaniama-Kasese iwekwe mbele ya mahakama: nani, tangu lini, kwa hukumu ipi. Asiye na hukumu arudishwe kwao au ashitakiwe. Na mawakili wetu wasingoje kuitwa. Sheria ya 15 Oktoba 2016 kuhusu mahakama za utawala inampa hakimu uwezo wa kuchukua hatua ya haraka pale mamlaka ya serikali inapokanyaga uhuru wa mtu waziwazi. Kifungu cha 162 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Katiba kupinga sheria au amri ya serikali iliyo kinyume cha Katiba. Milango ipo, na mlango usiobishwa haufunguki.

Turudi kwa yule mama wa bakuli. Ijumaa ile tulitoka kasho bila kijana. Jioni majirani wanne waliketi barazani kwake, mmoja akashika kalamu, wakaandika siku aliyokamatwa, saa, mahali, na nguo aliyokuwa amevaa. Wanne wakatia sahihi. Bibi mmoja wa jirani asiyejua kuandika naye akaweka dole gumba. Jumamosi mtetezi mmoja wa mahakama, mtu wa hapa mjini asiye na gari wala ofisi kubwa, aliipeleka karatasi ile parke na nakala moja akaipeleka kwa mwenye daftari. Kijana alitoka Jumatatu asubuhi. Hakukuwa na kesi yoyote juu yake.

Msomaji, usiku atakapochukuliwa mtoto wa mtu mtaani kwako, hata awe yule usiyempenda, hata awe yule unayemshuku kwa kuku wako, tazama saa. Iandike. Andika na mahali, na nani alimchukua kama umemtambua. Watu wawili watie sahihi. Uipeleke karatasi hiyo parke kabla saa 48 hazijaisha.